Allyson Felix: dhahabu saba, sita za kijiti. Ni malkia au amebebwa?

Mtaa wa Saba
Wadau, salaam. Jana kijiweni nusura watu washikane mashati kwa ajili ya Allyson Felix, yule mkimbiaji wa Marekani, nikaona nilete huku. Hesabu ni hii: Olimpiki tano, Athens 2004 mpaka Tokyo, medali 11, dhahabu 7. Kwa riadha hakuna Mmarekani mwenye nyingi zaidi, awe mwanamume au mwanamke. Carl Lewis mwenyewe aliishia 10. Lakini dhahabu aliyoipata peke yake ni moja tu, mita 200 London 2012. Sita zilizobaki zote za kupokezana vijiti. Je, ni bingwa wa mbio au bingwa wa kuzaliwa Marekani?

Shemeji wa Tanga
"Bingwa wa kuzaliwa Marekani", umenimaliza 😂 Mimi timu Jamaika, sifichi. Athens kapigwa na Veronica Campbell, Beijing 2008 kapigwa na Veronica huyo huyo, 200 ile ile. Shelly-Ann Fraser-Pryce wetu kachukua ubingwa wa dunia wa mita 100 mara tano, hakuna aliyemshikia kijiti. Medali ya kijiti igawanywe kwa nne, kila mtu abebe robo yake aende nayo kwao.

Binti Mwalimu
Robo? Kaka, umewahi kushika kijiti wewe? Mimi nimekimbia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mtu wa pili, nne kwa mia, yaani watu wanne, kila mmoja mita mia. Kijiti chetu kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno, kingo zinachana kiganja. Mwenzio akigusa alama yako ya chokaa unaondoka, hugeuki, mkono umeuacha nyuma unasubiri usikie "shika!" Ukiwahi kutoka hakufikii. Ukichelewa anakuvaa mgongoni. Mwaka wangu wa mwisho niliwahi. Nilikisikia kikigonga chini, ko-ko-ko, na mpaka leo yule mwenzangu tukikutana sokoni salamu yake ni ya nusu mdomo.

Sasa Rio 2016, mchujo wa nne kwa mia, Mbrazili kamgonga Felix wakati anampelekea mwenzake English Gardner, kijiti kikaanguka. Wakakata rufaa, wakarudishwa kukimbia peke yao, uwanja mzima timu moja, wanashindana na saa. Wakapita. Fainali wakapewa njia namba moja, wakaibeba kwa 41.01. Hiyo nayo ikate robo.

Kamanda wa Vumbi
Kumbe ni wewe uliyetutoa mkoa mzima!

Ila tuambiane ukweli. Felix wa kweli aliisha 2018 alipozaa. Tokyo ile nne kwa mia nne alibebwa na akina Sydney McLaughlin na Athing Mu, yeye kapanda gari lililowashwa tayari. Mwanamke akishazaa mbio zimekwisha, ni maumbile hayo, msinirukie.

Mama Wawili
Ninakurukia.

Shelly-Ann kajifungua 2017, mashindano ya dunia Doha 2019 kashinda mita 100 kwa 10.71 na mtoto kambeba uwanjani. Faith Kipyegon kajifungua 2018, kachukua dhahabu ya 1500 Tokyo, kaichukua tena Paris, na rekodi ya dunia kaiweka akiwa mama. Vivian Cheruiyot kajifungua 2013, Rio kashinda 5000. Maumbile gani hayo yanayoruka nyumba zote hizi?

Kamanda wa Vumbi
Nimesema kwa ujumla, dada. Na hao wote ni wa masafa marefu.

Mama Wawili
Shelly-Ann wa masafa marefu? Labda kwako, kama unapima kutoka kwenye kochi mpaka kwenye friji.

Otieno wa Eastlands
😂😂 Wacha nikae hapa. Na kwa vile mmetaja kijiti, Wakenya tuheshimiwe. Munich 1972, nne kwa mia nne wanaume, dhahabu yetu.

Shemeji wa Tanga
Wamarekani hawakukimbia ile, ndugu. Wawili walifungiwa kwa utovu wa nidhamu jukwaani, mwingine kaumia, timu ikakosa watu.

Otieno wa Eastlands
Aliyekosa harusi asije kulalamika kuhusu pilau. Na Mexico 1968 walikuwepo, tukawa wa pili nyuma yao na rekodi yao ya dunia. Hatukubahatisha.

Mama Wawili
Sijamaliza na Kamanda. Felix alipandwa na presha ya mimba, akafanyiwa upasuaji wa dharura wiki ya 32, mtoto wa kike akalazwa kwenye chumba cha njiti. Miezi kumi baadaye yuko Doha anachukua dhahabu ya kijiti cha mchanganyiko, wanaume na wanawake timu moja, ya 12 ya ubingwa wa dunia, akampita Usain Bolt. Mwenyewe aliandika kwenye New York Times kwamba Nike walitaka kumkatia malipo kwa asilimia 70. Miezi michache baadaye wakabadili masharti ya wanariadha wajawazito. Tokyo kakimbia na viatu vya kampuni yake mwenyewe.

Kamanda wa Vumbi
Kampuni si nyumba ya sadaka. Usipokimbia unalipwa cha nini? Hata kazini kwako hivyo hivyo.

Mama Wawili
Kazini kwangu nimerudi likizo ya uzazi nikakuta meza yangu imesogezwa mlango wa choo na kiti kimebebwa. Nilikaa wiki mbili kwenye kreti la soda. Usiniambie habari za kazini kwangu.

Kamanda wa Vumbi
Pole kwa hilo. Kwa kweli pole. Ila hoja yangu ya Tokyo sijaifuta.

Binti Mwalimu
Ifute basi. Kabla ya kijiti hicho, kwenye 400 ya peke yake, kachukua shaba kwa 49.46, miaka 35. Rio alikuwa wa pili kwa 49.51. Kakimbia kasi zaidi baada ya kuzaa kuliko alivyokimbia Rio. Na Shemeji, wewe wa robo: mashindano ya dunia Beijing 2015 Felix kakimbia zamu yake ya kijiti kwa 47.72, na Jamaika yako ndiyo iliyochukua dhahabu. Mbona siku ile hakubebwa?

Shemeji wa Tanga
Siku ile Jamaika ilikuwa nzuri. Nashukuru kwa kunikumbusha.

Mtaa wa Saba
Jamani, mimi nimeuliza swali moja. Kijiweni nikawaambie nini?

Otieno wa Eastlands
Waambie aliibiwa Rio. Kwenye ile 400 Shaunae Miller wa Bahamas alirukia mstari kama golikipa, 49.44 kwa 49.51. Kama si kujitupa, Felix ana dhahabu ya pili ya peke yake na uzi huu haupo.

Kamanda wa Vumbi
Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika kwenye mstari, si kusimama wima. Hata mimi ningejitupa.

Binti Mwalimu
Wewe ungejitupa mita 50 kabla.

Shemeji wa Tanga
Hapana, kwenye la Miller niko na Kamanda. Alikuwa anaongoza tangu mwanzo, wekeni video tuiangalie mita 100 za mwisho polepole.