Utabia, saikochanganuzi au Rogers: nadharia ipi haina usumbufu?

Mpambanaji_Moro: Wakuu habari za mchana. Msimamizi anataka nadharia ya utafiti wangu kabla ya Ijumaa. Nimebaki na tatu: utabia wa Skinner (tabia hujengwa na zawadi na adhabu), saikochanganuzi ya Freud (yaliyofichika akilini), na ya Rogers, mshauri nasaha, inayomtanguliza mhusika mwenyewe. Ipi haina usumbufu? Nawasilisha.

Bi_Chumvi: Unatafiti nini? Ngazi gani? Unaulizia kiatu hujataja namba ya mguu.

Mchunga_Data: Chukua utabia ulale usingizi. Watson, mwanzilishi wake, alishasema 1913, tupime kinachoonekana. Skinner na njiwa wake wa majaribio akahesabu kila kitu. Sura ya nne, ya matokeo, inajiandika.

Kijana_Ngamiani: Inajiandika mpaka ufike kwenye lugha. Chomsky, mwanaisimu, alimbana Skinner 1959: mtoto anatunga sentensi ambayo hajawahi kuisikia, sasa hiyo alizawadiwa lini? Nenda utambuzi, nadharia ya jinsi akili inavyofikiri.

Mpambanaji_Moro: Utambuzi haumo kwenye orodha yangu mkuu.

Kijana_Ngamiani: Basi orodha ndiyo mbovu.

Bi_Chumvi: Na huyo Watson wenu, 1920 alikuwa akigonga chuma nyuma ya kichwa cha mtoto Albert kila akimgusa panya mweupe, mpaka mtoto akawa analia akimwona panya tu. Hata mwaka hajafikisha! Wala hawakumwondolea ile hofu.

Mchunga_Data: Hayo ni maadili, si nadharia. Mary Cover Jones 1924 alimsogezea mtoto Peter sungura kidogo kidogo huku anakula, hofu ikaisha. Utabia huohuo.

Mwl_Kapuku: Saikochanganuzi usiiguse. Mimi msimamizi ndiye aliyenishikisha. Nikahoji walimu wastaafu kuhusu msongo wa mawazo, nikajaza kurasa na kurasa za ego na superego, yaani nafsi na dhamiri kwa Freud. Siku ya utetezi mtahini wa nje akavua miwani: "Hiyo nafsi isiyojitambua uliipima kwa rula?" Jopo zima likacheka. Namtazama msimamizi anisaidie, kainamia simu yake. Nikarudishwa sura ya pili (ya nadharia) na ya nne, na mahafali nikakaa upande wa wazazi, nawapigia makofi wenzangu.

Babu_Mchokozi: Mnagombania za wazungu tu. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari pale Nairobi, aliandika kwenye kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) 1953 kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata wakoloni wakamchapishia kijitabu kuhusu Mau Mau. Fanon, daktari wa akili aliyepinga ukoloni, alimjibu vizuri sana.

Mchunga_Data: Babu, kijana ana Ijumaa.

Mpambanaji_Moro: Ni utoro wa kidato cha pili, shahada ya kwanza.

Mchunga_Data: Si nilisema utabia! Zawadi kwa mahudhurio, unahesabu, unamaliza.

Bi_Chumvi: Na wanaotoroka viboko? Hao utawazawadia nini? Rogers angekaa nao awasikilize kwanza.

Babu_Mchokozi: Sisi tulichapwa na shule tukaenda.

Bi_Chumvi: Ndiyo maana mpaka leo unagombana na kila mtu humu.

Kijana_Ngamiani: 😂 Mwl_Kapuku, ile sura ya pili uliyorekebisha bado unayo? Nicheki PM.