Mti wa maamuzi unapata 92% lakini wamama wa hatari wanapita tu

kijana_wa_kondele: Wadau habari zenu, niko Kisumu namalizia projekti na nimekwama. Nina data ya wamama wajawazito 400, vipimo vya siku ya kwanza kliniki, umri, presha, uzito, kama ni mimba ya kwanza, dawa walizopewa, nataka mti wa maamuzi (programu inayouliza maswali ya ndiyo au hapana, tawi kwa tawi) uniambie nani atapandisha presha mbaya ya mimba. Nikatenga 120 za kujaribia, mti ukapata 92%, nikaitisha chai na mandazi, kumbe kati ya 11 wa hatari umeshika 2 pekee!! Nimekosea wapi?

fundi_wa_miti: Hiyo 92 inakudanganya boss. Wamama 109 kati ya 120 hawana shida, so hata mlinzi wa geti akiambia kila mtu "uko sawa mama enda nyumbani" atapata karibu 91. Ambia programu kwamba kukosa mama wa hatari ni kosa kubwa kuliko kushtuka bure, hiyo unabadilisha tu uzito wa makundi, yaani kosa kwa mama wa hatari lihesabiwe zaidi. Na usiache mti umee mpaka kila jani (kundi la mwisho kwa tawi) libaki na watu wawili, hapo mti unakariri data yako tu. Mtakwimu Breiman na wenzake kwa kitabu chao cha miti hii cha 1984 walikuwa na wagonjwa 215 wa moyo huko San Diego, vipimo 19, na mti ukaishia maswali matatu tu: namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 91? umri umepita 62.5? moyo unapiga mbio kupita kawaida? Hiyo hata sista anabandika ukutani bila kompyuta.

sista_nakuru: Mimi si mtu wa kompyuta ila niko wodi ya wazazi. Kijana, kwa hizo dawa kuna magnesiamu? Hiyo tunadunga mama akishakuwa mbaya, si siku ya kwanza. Mti wako unachungulia majibu.

kijana_wa_kondele: Aki sista 😭 hao 2 ulioshika ndio hao hao waliodungwa magnesiamu. Nimetoa safu yote ya dawa na nikaongeza uzito wa kundi la hatari vile fundi amesema. Sasa unashika 8 kati ya 11, lakini unashtua wamama 27 bure.

sista_nakuru: Hao 27 si kitu, kuwarudia presha ni kazi ya asubuhi moja. Niambie hao 3 waliopita, presha yao imeandikwa ngapi? Nikiona 120/80 imefuatana ukurasa mzima mimi najua mashine ilikuwa imeharibika na mtu akajaza tu.

kijana_wa_kondele: Wawili ni 120/80. Wa tatu 110/70. Narudi kwa rejista.