Mwendo wa saa tisa angani bila simu wala skrini: mnakaaje?

Sauti ya Mbali:
Habari zenu wapendwa. Wiki ijayo nina safari ya ndege ya saa tisa, na safari hii nimeamua nikae tu: bila simu, bila filamu, bila kitu masikioni. Mara ya mwisho nilitazama filamu tatu mfululizo, nikashuka na kichwa kizito na hakuna hata moja ninayoikumbuka vizuri. Iliniuma. Utotoni nikisikia ndege nilikuwa natoka mbio kuitazama mpaka ipotee; leo nimo ndani yake na nimefunga dirisha! Ninachohofia ni ile saa ya nne, mtu unapoanza kuwashwa mikono. Waliowahi kujaribu, mlifanyaje?

Dirishani:
Ndugu, swali lako limenigusa. Mimi nilianza kwa kulazimika, simu ilinizimikia kabla ya kupanda, na sasa nafanya kwa kupenda.

Kwanza kiti. Chukua cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa, ulione bawa na ardhi pia. Wakati wa kuruka sikiliza tu. Utasikia kishindo kifupi chini ya miguu: magurudumu yanakunjwa. Baadaye kidogo injini zinapunguza ngurumo na mwili unahisi kama ndege inazama. Haizami, ni nguvu ya kuondokea imepunguzwa. Zamani hapo ndipo nilipobana mkono wa kiti kwa hofu. Tangu nijue sauti hizi ni za nini, hofu imeisha.

Mkishafika juu, mita 10,000 na zaidi, tazama kioo chenyewe. Kwa chini kina kitundu kidogo sana. Si kasoro, kimewekwa ili msukumo wa hewa ubebwe na kioo cha nje, na pia kioo kisishike ukungu. Huko nje baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Siku moja niliziona chembe za barafu zikichipua kukizunguka kile kitundu, moja ikizaa nyingine, nyembamba kama manyoya ya kifaranga. Ndege ikageuka, jua likapenya katikati yake. Nilikuja kushtuka chakula kimeshaletwa.

Tena, jua likiwa upande wa pili na mawingu yakiwa chini yenu, tafuta kivuli cha ndege. Utakuta kimezungukwa na duara la rangi, nyekundu ikiwa nje. Kitovu cha duara hilo ni pale kinapoangukia kivuli cha kiti chako mwenyewe. Aliyekaa mbele ana duara lake, na wewe una lako.

Bibi wa Safari:
Mwanangu, maneno ya Dirishani ni mazuri, ila mimi magoti yangu yanataka kiti cha njiani. Hewa ya mle ndani ni kavu mno, kunywa maji mara kwa mara, na kila baada ya muda inuka utembee. Hiyo saa ya nne unayoihofia huja kweli. Usishindane nayo. Mimi huchukua mtu mmoja ninayempenda na kumkumbuka tangu siku nilipomjua, polepole, bila kuruka kitu. Safari iliyopita nilimkumbuka marehemu dada yangu mpaka tukatua.

Sauti ya Mbali:
Nimefika salama, shikamoo Bibi, na asante sana Dirishani. Duara sikulipata, jua lilikuwa upande wangu. Saa ya nne ilikuwa ngumu kweli, mkono ulienda mfukoni mara mbili wenyewe. Nikaanza kumkumbuka mwalimu wangu wa darasa la kwanza, nikakuta nakumbuka hata chaki alivyokuwa akiivunja vipande viwili kabla ya kuandika.

Jioni jua lilipozama nikaenda kusimama kwenye kidirisha cha mlango wa nyuma, upande wa pili. Kule chini kabisa ya upeo palikuwa na utepe wa buluu iliyoiva, na juu yake waridi. Mhudumu aliyekuwa amesimama pale akaniambia kile cha buluu ni kivuli cha dunia yenyewe. Tukakitazama pamoja kikipanda, hatukusema kitu, mpaka waridi yote ikamezwa.

Dirishani, safari ya kurudi inaondoka saa tatu asubuhi kuelekea kaskazini. Nikae upande gani nilipate duara?

Dirishani:
Kushoto, ndugu yangu. Asubuhi jua litakuwa kulia kwenu.