Naomba ushauri: tumbo la mwanangu linasokota, nimlishe nini?

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 8, na huu ni mwezi wa saba tumbo linamsokota karibu kila wiki. Anajikunja kwenye kochi, magoti kifuani, mpaka apate choo ndiyo anapoa. Mara anaharisha, mara anakaa siku tatu bila choo, kikija ni kigumu kama cha mbuzi.

Vipimo vyote safi. Hana damu kwenye choo, uzito haujashuka, usiku analala vizuri. Daktari wa watoto akasema utumbo wake una hisia kali kupita kawaida, niandike kila anachokula. (Mimi nilikuwa namrudishia dawa ya minyoo tu, roho inaniuma.)

Daftari limenifumbua macho. Maharage yaliyoungwa na vitunguu vingi, maziwa, embe, juisi ya boksi: jioni lazima alie. Wali, samaki, mayai, karoti, chungwa havimsumbui. Nimeonywa nisimkatie vyakula vingi kwa pamoja maana bado anakua; niondoe kwa wiki chache, kisha nirudishe kimoja kimoja.

Shida ni shuleni. Kila mchana ni makande au maharage, na yeye anaona aibu kubeba chakula chake peke yake. Mliopitia haya, mliongeaje na walimu? Na nyumbani, maharage nikiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, wanenu waliyavumilia? Kiasi gani kwa kuanzia?