Ameichoma taa yangu, kisha akasema ilikuwa mbovu tangu mwanzo

Mwasha Taa

Wadau, ninaandika vidole vikiwa bado vinanuka risasi ya kulehemu. Sitamtaja mtu kwa jina kwa sababu hakuna haja: ni yuleyule anayesimama nyuma ya bega lako ukiwa kazini, akikupumulia shingoni, na ambaye hajawahi kuona waya akauacha ulivyo. Leo ameichoma taa ya mbele ya kichwa changu cha treni ya mfano, na kabla moshi haujatawanyika akatamka mbele ya watu wote, "Hii ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

Mbovu! Taa niliyoijaribu mara sita, ikawaka mara sita!

Kichwa chenyewe ni cha skeli ya 1:87, yaani kidogo mara 87 kuliko cha treni halisi, na puani mwake hamna nafasi ya kuficha hata punje ya mtama. Kwa hiyo nilitumia LED yenye urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, kitu ambacho ukipiga chafya utakitafuta hadi wajukuu wako wazeeke. Niliilehemu kwa waya mwembamba kama unywele, ule wenye vanishi ambao usipokwanguliwa ncha zake risasi haishiki kabisa, na kwa siku tatu nikatembea nimepinda kama ndoana. Nikaweka resista, kile kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme, ya omu 1,000 ili kwenye reli ya volti 12, taa inayotaka volti 3 tu ipate takriban miliampea 9 na kuishi kwa amani. Ikaishi, kwa dakika ishirini.

Ndipo yeye akasema, "Hebu niijaribu." Akachomoa waya, akairuka resista kana kwamba ni hereni niliyoivisha treni kwa ajili ya harusi, akaigusisha taa moja kwa moja kwenye volti 12. Iliwaka, sikatai. Iliwaka kulishinda jua kwa muda wa kupepesa jicho, ikalia "tap", ikaacha harufu. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akasema ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kisha akafuta mikono kwa kitambaa changu cha kusafishia reli.

Narudia kwa ajili ya waliochelewa kufika: moshi ulikuwa bado uko hewani!

Behewa la Mwisho

Pole sana, mkuu. Hata hivyo, ulimjua, ukamwachia kichwa cha treni mkononi, na sasa unashangaa? Kwangu aliamua kulainisha ekseli bila kuombwa, akamimina mafuta mengi kiasi kwamba magurudumu yaliacha kuchukua umeme kwenye reli, na treni nzima ikawa inateleza kama samaki. Wewe umepoteza taa moja tu.

Mzee wa Signali

Nilikuwapo, na haki itendeke kwa pande zote. Kabla haijafariki, taa hiyo haikuwa ikimulika mbele peke yake. Plastiki ya kichwa haikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa ndani, hivyo mwili mzima uling'aa kama kibatari kilichofunikwa kwa karatasi, na abiria wa behewa la kwanza wangeweza kusoma gazeti kupitia ukutani. Aliyeichoma alitustiri.

Mwasha Taa

Mzee wangu, shikamoo, lakini nilipaka rangi nyeusi, tena tabaka mbili! Na hata kama mwanga ulivuja kidogo kwenye kona moja, mwanga unaovuja ni ushahidi kwamba taa ilikuwa nzima. Taa mbovu huvujisha nini? Yeye alisema ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na alilisema hilo akiwa bado ameishika.

Waya wa Buluu

Kwa kuwa tumefikia dhuluma, nami nitue mzigo wangu. Mtu mwingine, ambaye nadhani pia mnamjua, alijitolea kuniunganishia taa kwenye dekoda ya dijitali, kile kifaa kidogo ndani ya treni kinachopokea amri na kuwasha taa. Kila mtu anafahamu kwamba waya wa buluu ni chanya ya pamoja, mweupe ni wa taa ya mbele na wa manjano ni wa taa ya nyuma. Yeye aliugeuza mweupe kuwa wa manjano na wa manjano kuwa mweupe, akafunga boneti kwa gundi, akaenda zake. Tangu siku hiyo treni yangu ikienda mbele humulika inakotoka.

Reli Chafu

Angalau zenu ziliwaka mfululizo. Taa za mabehewa yangu zinapepesa kama vimulimuli, na kila ninayemuuliza ananiambia nisafishe magurudumu, kana kwamba nimewahi kufanya jambo jingine maishani. Mwishowe niliweka daraja la daiodi nne ili taa ziwake treni iendapo mbele na irudipo nyuma, nikaongeza kapasita ili zisizime pale gurudumu linapokosa umeme kidogo. Kapasita ikapasuka kama bisi.

Mzee wa Signali

Uliiweka kinyume, au uliweka ya volti ndogo kuliko inayopita relini. Weka ya volti 25 na utazame alama ya hasi kabla ya kulehemu. Na mkishamaliza hayo, nitaomba mtu anieleze kwa nini vijana mnaweka taa nyeupe ya chumba cha upasuaji kwenye injini ya mvuke. Injini ya mvuke hutaka mwanga wa manjano, na kosa hilo kwangu linashinda kuchoma LED mia.

Waya wa Buluu

Yangu ni nyeupe, Mzee, na siibadilishi.

Mwasha Taa

Ndugu zangu, ninawasihi turejee kwenye mada. Ulikuwapo moshi, ilikuwapo harufu, na lilikuwapo neno "mbovu".

Reli Chafu

Tumekuelewa, mkuu. Kwa kuwa taa yenyewe haipo tena, ile resista ya omu 1,000 bado unaihitaji?

Mwasha Taa

Ameondoka nayo. Alisema anakwenda kuijaribu.