Nani kawapa ruhusa ya kupangua kurasa zetu? Hizi programu za kujenga tovuti kwa kuburuta zimezidi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo: nyumba za wageni, shule za chekechea, mafundi wa madirisha ya aluminiamu, kampuni za utalii. Wengi wao nimewajengea kwa programu ya kuburuta na kudondosha, unakamata picha kwa mausi, unaivuta mpaka unapotaka ikae, unaachia. Kampuni siitaji, wanaoitumia wataijua kwa dalili. Tunalipia kwa dola, kwa mwaka mzima, na tunalipa kabla.

Sasa wameleta kihariri kipya. Hawakuuliza mtu. Ilikuja barua pepe ya kutupongeza kwamba mambo yameboreshwa, na kuingia kwenye akaunti nikakuta kurasa zote za wateja wangu zimeshahamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda huo mpya. Kitufe cha kurudi nyuma hakuna. Historia ya matoleo, ambayo ndiyo iliyotufanya wengine tukalipia kifurushi cha juu, inaanzia siku ya uhamisho. Ya kabla ya hapo huyaoni.

Kwenye kompyuta ukiangalia haraka unaweza kusema mbona iko sawa. Fungua kwenye simu.

Nina mteja Moshi, mzee wa heshima zake, anapandisha wageni Kilimanjaro. Ukurasa wake mkuu una kadi tatu zimekaa sambamba, moja kwa kila njia ya kupanda mlima: Marangu, Machame, Lemosho. Kila kadi ilikuwa na picha juu, jina la njia chini yake, kisha idadi ya siku na bei. Nilizijenga kila kadi kama safu moja ya wima inayojitegemea, kwa sababu kwenye simu safu zinapangana moja chini ya nyingine, na mgeni anasoma Marangu yote mpaka mwisho ndipo aingie Machame. Hilo ni jambo la msingi kabisa kwenye kazi hii, na ilikaa hivyo bila tatizo lolote.

Uhamisho wao ukazivunja kadi. Mashine yao imeona picha tatu ziko kwenye usawa mmoja, ikaamua ni mstari wa picha. Majina matatu, mstari wa majina. Bei tatu, mstari wa bei. Kwenye skrini pana hauoni tofauti, ila kwenye simu mistari ndiyo inayoshuka. Kwa hiyo mgeni anapata picha tatu mfululizo, halafu majina matatu mfululizo, halafu bei tatu. Jina la mwisho ni Lemosho. Kinachofuata chini yake papo hapo ni bei ya kwanza, na bei ya kwanza ni ya Marangu.

Wanaoujua mlima wameshaelewa. Marangu ni siku 5 au 6, unalala kwenye vibanda. Lemosho ni siku 7 au 8, mahema, wapagazi wengi zaidi, na ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku. Mzee akanipigia simu: "Kijana wangu, kuna mgeni ananidai Lemosho kwa bei ya Marangu, na amenitumia picha ya skrini." Na mgeni wala hakukosea. Kasoma kilichoandikwa kama kilivyokaa. Mzee kakubali kupunguza ili asichafuliwe jina kwenye mitandao ya maoni, na tofauti imetoka mfukoni mwake.

Nikaingia kurekebisha. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nakamata bei ya Marangu ili niirudishe chini ya jina lake. Mstari wa bluu unajitokeza pale pale ninapotaka, naachia, bei inaenda kukaa ndani ya kisanduku cha picha. Naivuta tena, inatoka, na safari hii inaburuta na jina la Machame. Nikafungua paneli ya tabaka nione ndani kuna nini: kontena (kisanduku kisichoonekana cha kushikia vitu) ndani ya kontena ndani ya kontena, na chini kabisa ndiyo neno moja, "Machame". Na kila kontena imewekewa nafasi za pembeni za kulazimisha, nyingine ni hasi, ili tu sura ya kompyuta ifanane na ya zamani. Ukiondoa moja kwa ajili ya simu, upande wa kompyuta maandishi yanapanda juu ya picha. Ukirekebisha kompyuta, simu inaharibika. Wanasema sura ya simu unaihariri peke yake. Rangi na ukubwa wa herufi, ndiyo. Mpangilio, ukiugusa huku unagusa na kule.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: futa kache. La pili: jaribu kivinjari kingine. La tatu likanishauri nitengeneze nakala ya sehemu hiyo, ya kwanza niiwekee alama ya kufichwa kwenye simu, ya pili niifiche kwenye kompyuta. Yaani ukurasa mmoja ubebe kadi mara mbili! Kitu kilichofichwa hivyo hakijaondoka. Kinabaki kwenye msimbo wa ukurasa, kivinjari kinakipokea, na mara nyingi hata picha zake zinapakuliwa bila mtu kuziona. Anayelipia ni mwenye simu, kwa bando lake. Nimepitisha ukurasa wa mzee kwenye Lighthouse, kile kipimo cha bure kilichomo ndani ya Chrome. Kile hulalamika ukurasa ukiwa na vipengele vya msimbo vingi mno. Wa kwetu ulikuwa haujawahi kulalamikiwa kwa hilo. Sasa ni nyekundu, na sijaongeza hata sentensi moja.

Na kuna watu ambao hawatumii macho kabisa kwenye kurasa hizi. Asiyeona anasikiliza ukurasa kwa programu ya kusoma skrini, na programu hiyo inafuata mfuatano wa msimbo, haijui kitu kimeonekana wapi kwenye skrini. Atasomewa Marangu, Machame, Lemosho, halafu atasomewa namba tatu, ajue mwenyewe ipi ni ya nani. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kuhakikisha tovuti zinatumika na watu wenye ulemavu, unalitaja suala hili tangu mwaka 2008, kwamba mfuatano wenye maana usipotee. Kampuni hii hii imeandika kwenye tovuti yake kwamba inazingatia WCAG.

Wasije wakasema teknolojia ndiyo ngumu. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliandika kuhusu kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini mwaka 2010. CSS Grid, mbinu ya msimbo ya kupanga vitu kwenye ukurasa, imeingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017, na kuziweka kadi tatu sambamba kwenye kompyuta na moja moja kwenye simu ni mistari michache tu, kadi zenyewe zikabaki nzima. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kuangalia toleo la simu kwanza inapopanga matokeo ya utafutaji. Wajenzi wa kihariri hiki wanayajua yote haya kuliko mimi. Waliamua tu kwamba sura ya kompyuta ikifanana, kazi imekwisha. Wateja wetu huku wageni wao karibu wote wanaingia kwa simu, na hata huyo mtalii wa Ujerumani aliyemdai mzee alikuwa na simu mkononi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba huwezi hata kuondoka. Nimebonyeza "hamisha maudhui". Nimepewa faili lenye maandishi na anwani za picha, basi. Mpangilio haumo. Zile saa za kupima nafasi kati ya picha na jina, kuchagua kitufe cha WhatsApp kikae wapi ili kidole gumba kikifikie, yote yanabaki kwao. Wanasema mpangilio umetengenezwa kwa zana zao. Sawa, zana ni zenu, lakini uamuzi wa kuweka bei chini ya jina ni wangu, mteja ameulipia, na ninyi mmeupangua bila hata kutuonyesha kwanza ukurasa utakavyokuwa.

Ninachodai si kikubwa. Mturudishie matoleo ya kabla ya uhamisho, mnayo, hakuna kampuni ya ukubwa wenu inayofuta seva usiku mmoja. Mtupe kitufe cha kukataa kabla ya kuhamisha kurasa zilizobaki. Na mtu akitaka kuondoka na ukurasa wake, apewe HTML na CSS, yaani msimbo wa maudhui na wa mwonekano wa ukurasa, kama ulivyo, hata kama ni mchafu, tutausafisha wenyewe.

Ukurasa wa mzee ninaujenga upya kwa mkono, HTML ya kawaida, na gharama ya kazi hiyo sitamtoza. Wa wengine sijui nitafanyaje, maana wapo wanaopenda kubadilisha bei wenyewe na msimbo hawataugusa. Kama kuna mdau kahamisha tovuti kutoka kwenye programu za namna hii kwenda WordPress na mteja akaendelea kuhariri mwenyewe bila kuharibu, aniambie alifanyaje na ilimchukua muda gani. Wanaotaka kunishauri nihamie programu nyingine ya kuburuta, naomba kwanza waniambie kama hiyo inatoa mpangilio ukiondoka.

Na kama akaunti yako nayo imepata ile barua pepe ya pongezi, usiangalie kwa kompyuta. Chukua simu, fungua kila ukurasa wenye safu zaidi ya moja, shuka mpaka kwenye bei, na piga picha ya skrini kabla hujagusa chochote, maana huduma kwa wateja watakuambia ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi wameshaniambia.