Tupeane uzoefu: Uliyewahi kulea makinda ya kasuku kwa mkono, ilikuwaje?

MamaMbawa:
Habari zenu wadau. Leo napanga kabati nikakutana na ile mizani niliyokuwa nampimia kinda wangu wa kwanza, ina uji uliokaukia pembeni mpaka leo. Nimecheka peke yangu. Ndege nawapenda tangu sijajua kusoma, nilikuwa mtoto wa kukaa chini ya mti kutwa nzima, shingo juu. Lakini kupenda ndege ni jambo moja. Kukabidhiwa kiumbe kipofu, kiko uchi, kichwa kizito shingo haikiwezi, kinalia usiku na mchana kinataka uji, hilo ni jambo jingine kabisa. Waliopitia waje tuhadithiane.

Kizimba:
Nipo. Mpaka leo simu ikilia usiku mkono unatafuta sirinji kabla macho hayajafunguka.

TaiMzee:
Wengi wanadhani kazi ni kulisha. Kazi ni joto. Kinda aliyetoka kuanguliwa anataka nyuzi 35 au 36 hivi, unashusha taratibu kadiri manyoya yanavyochomoza. Uji wenyewe nyuzi 39 hadi 41. Ukiwa wa baridi gole, kile kifuko cha chakula shingoni, linagoma, chakula kinachachia humo humo shingoni. Ukizidi moto unaliunguza, na kidonda hukioni siku hiyo: unakuja kushtuka baadaye ngozi imetoboka, uji unavujia kifuani. Na habari za maikrowevu msiniletee, pembeni vuguvugu, katikati moto wa kuunguza. Nunueni kipimajoto.

BintiKijani:
Mimi kipimo changu ni kifundo cha mkono, na sijamuunguza hata mmoja.

TaiMzee:
Bado.

BintiKijani:
Haya mzee, shikamoo na kipimajoto chako 😂

Mpirani:
Ngojeni niwape ya kwangu, maana huyo MamaMbawa kanikumbusha mbali.

Kinda wa kasuku wa kijivu, manyoya ndiyo kwanza yanatoka, yale ya kama miiba. Tulikuwa tunamlisha kwa sirinji yenye mpira laini mbele. Mnawajua wanavyokula: wakishika ncha wanapiga kichwa juu chini kwa fujo, na hapo ndipo wanapomeza vizuri. Siku hiyo anapiga kichwa, nasukuma uji, gole linajaa, navuta sirinji. Mpira haupo.

Nikatazama mezani. Nikatazama chini. Nikakung'uta nguo. Kinda ananiangalia, anataka aongezwe. Nikapapasa gole kwa kidole na nikausikia, uko ndani, unateleza.

Daktari wa kwanza niliyempigia akasema yeye ni wa ng'ombe, mambo ya ndege hayajui, hawezi kunidanganya. Wa pili akasema usimpe kitu tena, usijaribu kuutoa mwenyewe, mlete. Nikampakata ndani ya boksi, chupa ya maji moto nimeizungushia taulo, njia nzima analia njaa na mimi namwomba msamaha kwa sauti. Dereva alinyamaza kimya, nadhani aliniogopa.

Daktari hakushika kisu. Alingoja gole lipungue, kisha akaukamata ule mpira kwa vidole viwili kupitia nje ya ngozi, akaupandisha shingoni kidogo kidogo. Msaidizi akafungua mdomo, koleo jembamba likaingia, ukatoka mzima na uji wake. Akasema ungegoma kupanda, lilikuwa ni la kupasuliwa gole. Kinda akatikisa kichwa, akaanza kulia anataka chakula. Aliyepewa kiti na maji ni mimi.

Kizimba:
Dah. Nimesoma nimeshika koo.

BintiKijani:
Huo mpira uliutunza?

Mpirani:
Upo kwenye droo.

KijikoTu:
Ndiyo maana natumia kijiko kilichokunjwa pembeni kikawa kama mfereji. Kinda anakula kwa kasi yake, hapaliwi, hamezi mpira wa mtu.

Kizimba:
Kijiko kwa makinda watano? Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza ana njaa tena. Sirinji bila mpira, ingiza kushoto kwa mdomo wake elekeza kulia, kwa sababu njia ya chakula ipo upande huo. Asipopiga kichwa usisukume. Uji ukienda mapafuni hakuna daktari wa karibu.

Kipanga:
Samahani nitawaharibia sherehe. Kwa nini mnawatoa kwa wazazi wao? Kinda ana mama, ana baba, mnamchukua ili awe "mpole". Huo si upendo wa ndege.

MamaMbawa:
Ndugu yangu, wangu sikumtoa, alitupwa. Mayai ya kasuku hayaanguliwi siku moja. Wa mwisho anatoka anakuta wenzake wameshakuwa majitu, wanamkanyaga, chakula hakimfikii. Ningemwacha afe ili nionekane napenda ndege?

Kipanga:
Wa kwako sawa. Nasema wale wanaotoa kiota kizima wauze. Alex, yule kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg, alinunuliwa dukani mwaka 1977 akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, si kinda wa sirinji, na akajifunza maneno zaidi ya mia.

TaiMzee:
Hapo naungana na Kipanga. Na anayeletewa kinda wa kijivu "ameokotwa porini" aulize karatasi. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku.

KijikoTu:
Mkimlea peke yake pia mjiandae. Sirocco, yule kakapo (kasuku asiyeruka) wa New Zealand, alilelewa na watu kwa sababu aliugua akiwa kinda. Akakua anajiona mtu. Mwaka 2009 alimpanda mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine kichwani, mbele ya kamera, akidhani amepata mchumba.

BintiKijani:
😂😂 Wangu anamtongoza kiatu cha baba.

Kizimba:
Na kuachisha uji je? Mimi wiki ya 12 nakata.

MamaMbawa:
Usikate! Yeye ndiye anaamua. Wengine wa kijivu wanafika wiki ya 16 bado wanaomba. Mpime kila asubuhi gole likiwa tupu, na akikaribia kuruka atapungua kidogo, hilo usiliogope. Akizidi kushuka, rudisha uji.

Kizimba:
Wangu anakula mbegu, anakula matunda, akiniona mimi tu anajifanya mtoto.

Mpirani:
Wangu ana miaka sasa, na bado.

TaiMzee:
Parachichi msiwape, hata kidogo. Na vikaango visivyoshika chakula vikiungua, moshi wake unaua ndege chumba cha pili.

Njiwa_Mgeni:
Samahani wakuu, na kinda wa njiwa je? Nimempa sirinji anageuza uso.

KijikoTu:
Njiwa anaingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi. Kata mbele ya sirinji, funika kwa mpira wenye tundu, mwache achomeke mwenyewe.

Mpirani:
Mpira tena? Ufunge vizuri, ndugu yangu. Namba ya daktari ninayo.